Kuchimbua Mambo ya Kale: Somo kwa Watu wa Tarasaa na Nchi ya Mto Tana

Watu wengi wakaao katika nchi ya mto Tana, tangu Garsen na Tarasaa hata Kipini penye bahari, wamepata kuona vigae ardhini. Mkulima alimapo shamba lake la migomba, jembe hugonga kipande cha chungu. Mvulana achungaye ng'ombe huokota ushanga uliofunuliwa na mvua. Mvuvi hupita karibu na kuta zilizomezwa na mwitu, na wazee humwambia kwamba pale palikuwa mji wa watu wa zamani. Aghalabu vitu hivi hutazamwa mara moja, kisha huachwa. Kigae hutupwa kando ya njia, ushanga hupewa mtoto achezee, na habari iliyokuwamo hupotea kabisa.

Somo hili ni kwa ajili ya wale ambao wangependa habari hiyo isipotee, na hasa kwa wale ambao siku moja wataombwa, au watataka wenyewe, kujitolea kufanya kazi pamoja na wataalamu wakati wachimbuapo mahali pa kale. Kazi hiyo si ngumu kuifahamu, lakini ina desturi zake, na mtu asiyezijua aweza kuharibu kwa saa moja jambo lililotunzwa na udongo kwa miaka elfu.

Kwanza yafaa kujua kwamba nchi ya Tana si mahali padogo katika elimu ya mambo ya kale. Karibu na Kipini yapo magofu ya Ungwana, ambayo wengine huyaita Ungwana wa Mahe. Katika miaka ya 1950 Bw. James Kirkman, aliyekuwa mwangalizi wa magofu ya Gede tangu mwaka 1948, alichimbua hapo, na mwaka 1966 kitabu chake juu ya mji huo kilitolewa. Aliona makaburi ya mawe na misikiti, na jambo la ajabu kuliko yote ni misikiti miwili ya Ijumaa iliyojengwa ubavu kwa ubavu, wa pili ukiongezwa kando ya ule wa kwanza. Si mbali na hapo upo mji mwingine wa kale, Shaka, ambao hutajwa na wazee wa pwani katika habari za Fumo Liongo, shujaa na mtunga mashairi. Kila mtoto wa pwani amepata kusikia jinsi Liongo alivyotoroka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na jinsi alivyouawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba.

Udongo hauwezi kutuambia kama Liongo alikata minyororo yake namna hiyo. Waweza kutuambia mambo mengine: watu wa Shaka walikula nini, walipika katika vyungu vya namna gani, walinunua nini kwa wageni, na mji wao ulianza lini na kufa lini.

Baada ya Bw. Kirkman alikuja Mkenya, Dakta George Abungu, ambaye katika miaka ya 1980 alichunguza Ungwana, Shaka na mahali pengine pa bonde la Tana, akayaandika kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Baadaye, tangu mwaka 1999 hata 2002, alikuwa mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Bw. Kirkman alidhani kwamba Ungwana haukuwa wa kale kuliko karne ya 12 hivi. Dakta Abungu alipochimba tena na kufika chini zaidi, aliona kwamba watu walikuwa wakikaa pale tangu karne ya 10. Basi hapa pana jambo la kwanza la kujifunza: jibu la mtaalamu mmoja si mwisho wa maneno. Mwingine akija na maswali mapya, akachimba kwa uangalifu zaidi, aweza kuurudisha nyuma mwanzo wa mji kwa miaka mia mbili. Kwa sababu hiyo wachimbuaji wazuri hawachimbi mahali pote. Huacha sehemu kubwa bila kuigusa, ili wajukuu wao nao wapate kuuliza.

Dakta Abungu hakutazama pwani tu. Alitaka kujua jinsi watu wa mlangoni mwa mto walivyoshirikiana na watu wa juu ya mto. Na hapa twafika kwenye kile kigae kilichotupwa kando ya njia.

Huko Wenje, juu ya mto kati ya Garsen na Hola, viliokotwa vigae vya vyungu vya kale ambavyo shingo zake zimechorwa pembetatu, na ndani ya pembetatu mikwaruzo iliyolala upande mmoja. Bw. David Phillipson aliandika habari zake mwaka 1979. Wataalamu walipolinganisha waliona kwamba vyungu vya namna hiyo hiyo vilipikiwa Lamu na Pate, Unguja na Pemba, Komoro, na kusini hata Msumbiji, katika karne ya 7 hata ya 10. Wengine wakaviita vyombo vya Tana, kwa jina la mto huu. Wengine, wakimfuata Profesa Felix Chami wa Tanzania, huviita kwa jina la zile pembetatu. Ubishi wa majina waweza kuachiwa wenyewe. Jambo kubwa ni kwamba jina la mto wa Wapokomo, Waorma na Waswahili wa Ozi husomwa leo katika vitabu vya mambo ya kale duniani kote, na sababu yake ni vigae ambavyo mtu yeyote angaliweza kuvikanyaga.

Vigae hivyo viligeuza fikira za watu. Waandishi wa zamani walikuwa wakisema kwamba miji ya pwani ililetwa kutoka ng'ambo, kana kwamba wageni walishuka majahazini na mawe yao mikononi. Lakini chini ya nyumba za mawe zimeonekana nyumba za miti na udongo, na ndani ya nyumba hizo vyungu vilivyofinyangwa papa hapa, vinavyofanana na vya bara. Wageni walikuja, walifanya biashara, walioa na kufundisha dini. Hata hivyo waliikuta nchi ina wenyewe.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Shanga, katika kisiwa cha Pate, na kazi ya kujitolea ilikuwa na sehemu katika habari hiyo. Mwaka 1980 vijana wa msafara ulioitwa Operation Drake, waliotoka katika nchi mbalimbali, walifika Pate wakasaidia kukata vichaka, kupima kuta na kuchora ramani za magofu ya Siyu na Shanga. Mwingereza Mark Horton aliendelea na Shanga kwa miaka kadhaa baadaye. Chini ya msikiti wa Ijumaa aliona msikiti mwingine mdogo zaidi, na chini ya huo mwingine, na chini kabisa misikiti ya miti, ambayo haikuacha kitu ila matundu ya nguzo udongoni. Huo wa miti ulikuwa wa karne ya 8. Mtu mwenye haraka, aliyeshika jembe kubwa, angalipita matundu hayo bila kuyaona, kwa maana tundu la nguzo si kitu ila duara la udongo mweusi kidogo kuliko udongo ulio kando yake.

Sasa tutazame kazi yenyewe jinsi ifanywavyo.

Kabla ya jembe kugusa ardhi huja maneno. Mahali pa kale ni mahali pa watu: lipo shamba la fulani, lipo kaburi la babu wa fulani, upo mti ambao wazee hukutana chini yake. Katika nchi ya Wapokomo haifai kuanza bila wazee wa Gasa kuelezwa, na vivyo hivyo wazee wa Waorma ikiwa mifugo yao hupita hapo. Waelezwe nini kitachimbwa, kwa muda gani, nani atafanya kazi, na vitu vitakavyopatikana vitapelekwa wapi. Wapokomo wana sababu njema ya kuuliza swali hili la mwisho. Ngoma yao kuu, ngadzi, ilichukuliwa wakati wa ukoloni, na tangu mwaka 1908 imo mikononi mwa British Museum, London. Mtu aliyepoteza ngoma hata sauti yake haisikii tena hawezi kulaumiwa akitaka kuona hati kabla ya kigae kimoja kuondoka kijijini.

Wakati wa kuchimba ni kiangazi. Maji ya Tana yanapojaa, baada ya mvua za masika na tena za vuli, nchi ya chini huwa ziwa, na shimo lililochimbwa kwa siku kumi hujaa matope kwa usiku mmoja. Tena yakumbukwe kwamba mto wenyewe huhama. Zamani Tana haikuingia baharini Kipini kama sasa. Pale palikuwa mlango wa mto Ozi. Katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha mito hiyo miwili, na baadaye maji ya Tana yakaifuata njia hiyo mpya. Kwa hiyo mtu akitafuta kijiji cha kale asitafute ukingoni mwa mto wa leo tu. Aulize wazee mto ulipita wapi zamani, atazame mikondo iliyokauka, na vile vinundu vya ardhi iliyoinuka ambavyo maji hayavifuniki. Katika kazi hii mkulima wa Tarasaa ana maarifa kuliko profesa, kwani yeye ndiye ajuaye ardhi ipi hupata maji kwanza na ipi hubaki kavu.

Mahali pakiisha kuchaguliwa, wataalamu hupiga vigingi na kufunga kamba hata yapatikane mafungu ya mraba, pengine mita mbili kwa mbili, pengine tano kwa tano. Kila fungu lina nambari yake. Majani hukatwa, na vitu vilivyo juu ya ardhi huokotwa na kuandikwa. Kisha kuchimba huanza, si kwa sururu, ila kwa mwiko mdogo kama wa fundi mwashi, na kwa brashi. Mchimbaji hupiga magoti, hukwaruza udongo akirudi nyuma, asije akakanyaga alichokwisha kufunua. Udongo hutiwa ndooni na kupelekwa kwenye chekecheke, ambapo wenzake wawili huutikisa. Udongo hupita, na vigae, mifupa ya samaki, makombe na shanga hubaki juu.

Jambo kuu la kufahamu ni tabaka. Ardhi ya mahali palipokaliwa na watu imejilaza kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Nyumba huanguka, majivu humwagwa, mchanga huletwa na upepo, watu husawazisha na kujenga tena. Mkeka wa chini ulitandikwa kwanza. Basi kitu kilicho chini ni cha kale kuliko kilicho juu, ila kama panya, mizizi ya miti au mtu aliyechimba kaburi alipita akavuruga mambo. Kazi ya mchimbaji ni kuondoa mkeka mmoja mmoja, na kutambua rangi ya udongo inapogeuka, au unapokuwa mgumu, au unapoanza kuwa na chokaa. Hapo husimama na kuita. Huyu anayesimama na kuita ana thamani kuliko yule ajazaye ndoo nyingi, ijapokuwa vijana wenye nguvu hawapendi kusikia hivyo.

Kila kitu kilichotoka katika fungu moja na tabaka moja hutiwa mfuko mmoja wenye kibandiko. Kibandiko hutaja jina la mahali, nambari ya fungu, nambari ya tabaka, tarehe, na herufi za jina la aliyechimba. Mfuko usio na kibandiko hauna faida yoyote. Kigae kizuri kilichopoteza habari ya mahali pake ni kama barua iliyochanwa juu na chini: maneno machache yasomeka, lakini haijulikani nani aliandika wala kwa nani. Huko Gede wageni huonyeshwa Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Kauri na Nyumba ya Taa ya Chuma. Majina hayo yalitokana na vitu vilivyoonekana ndani yake, nayo yaliwezekana kwa sababu tu kila kitu kiliandikwa kilipotoka. Gede ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Mkaa una sheria yake. Usishikwe kwa mkono. Huchukuliwa kwa ncha ya mwiko na kufungwa katika karatasi ya madini. Kila mti uliokuwa hai una namna ya kaboni ambayo, mti ukiisha kufa, hupungua polepole kwa kipimo kinachojulikana, hata ibaki nusu baada ya miaka 5,730. Kwa kupima kilichobaki wataalamu hujua mti ulikatwa lini, pengine kwa tofauti ya miaka hamsini hivi huku na huku. Njia hii iligunduliwa na Mmarekani Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1960. Mtu avutaye sigara juu ya shimo na kukung'uta majivu humo aweza kuharibu hesabu hiyo, na wasimamizi wengi hukataza jambo hilo kwa ukali.

Tena kuna kazi ya maji, ambayo wanawake na wanaume wazee huipenda kwa kuwa hufanyika kivulini. Ndoo ya udongo humiminwa katika pipa la maji na kukorogwa taratibu. Punje za nafaka zilizoungua zamani huelea, nazo huchotwa kwa kitambaa chepesi na kuanikwa. Kwa kazi hii ndogo wataalamu walijua kwamba huko Pemba watu wa kwanza wa Tumbe, kabla ya karne ya 11, walikula zaidi uwele, na kwamba mchele uliongezeka baadaye katika mji wa Chwaka. Mkulima wa mpunga wa Tana atapenda kujua mpunga ulifika mtoni kwake lini. Jibu lake laweza kuwa limo katika majivu ya jiko la mtu fulani.

Jioni vigae huoshwa kwa mswaki, huanikwa juu ya magunia kila fungu mahali pake, na vikikauka huandikwa nambari kwa wino. Kazi hii hukinaisha. Wengi waliojitolea kwa shauku siku ya kwanza hutoweka siku ya nne, walipoona kwamba hazina iliyosemwa haikutokea na kwamba kilichobaki ni kuosha vigae mia tatu.

Hapo lazima kusema wazi juu ya hazina. Katika pwani yote ipo imani kwamba magofu yana dhahabu iliyozikwa na kulindwa na mashetani, na wapo watu waendao usiku kuvunja makaburi na kutoboa sakafu za misikiti. Hupata mawe. Mwaka 2010 wachimbuaji wa Kenya na China walipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ndogo ya shaba ya Uchina, ya wakati wa Mfalme Yongle, ambaye alitawala mwanzoni mwa karne ya 15. Katika soko haingenunua hata gunia la mahindi. Lakini kwa sababu ilitolewa katika shimo lililopimwa, na tabaka yake ikaandikwa, habari zake zilisomwa duniani kote. Mwizi wa usiku angaliipata, angaliitupa. Au angaliiuza kwa mtalii, na isingesema neno tena. Wachukuao mawe ya magofu kwa kuchoma chokaa nao hufanya vivyo hivyo mchana.

Mifupa ya watu ni jambo jingine. Mchimbaji akiona fuvu au mfupa mrefu uliolala kama wa binadamu, huacha hapo hapo, hufunika, na humwita msimamizi. Msimamizi huwaita wazee, na ikiwa ni kaburi la Kiislamu huwaita walimu wa dini. Pengine shauri litakuwa kufunika na kuondoka. Pengine wataruhusu mfupa upimwe, kisha uzikwe tena kwa heshima. Aliyejitolea hana ruhusa ya kupiga picha na kuituma kwa rafiki zake. Hilo limewahi kuleta ugomvi mkubwa kuliko uchimbaji wenyewe.

Sasa, kujitolea ni nini? Si kufanya kazi bure kwa kudanganywa. Katika uchimbaji mwingi wapo vibarua walipwao kwa siku, na wapo wajao kwa hiari ili wajifunze. Mambo haya mawili yasichanganywe. Kabla ya kuanza kila mtu ajue yumo upande gani, chakula na nauli ni juu ya nani, akiumwa atapelekwa wapi, na jina lake litaandikwa au halitaandikwa katika habari ya kazi. Zamani waliochimba kwa mikono yao walikuwa watu wa pwani, lakini majina yajulikanayo ni ya mabwana walioandika vitabu tu. Wakati huu msimamizi mwema huandika majina yote, na kazi ikiisha hurudi kijijini na kueleza kwa lugha ya watu yale yaliyoonekana. Asiporudi, kijiji kina haki ya kumkataa safari ya pili.

Huko Kilwa na Songo Mnara, katika Tanzania, wanakijiji wana kamati za magofu. Kamati hizo huangalia kuta, husimamia usafi wa mahali, na husema neno wataalamu wajapo. Watu wa Kipini, Ngao na Tarasaa wangeweza kuiga mfano huo bila kungoja mgeni, kwa kuwa kulinda hakuhitaji leseni. Kuchimba ndiko kunakohitaji. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yakataza mtu yeyote kuchimbua mahali pa kale pasipo kibali cha Serikali, hata akiwa mwenye shamba, hata akiwa mwalimu mwenye nia njema na darasa lake.

Lipo jambo moja zito ambalo halifai kupitwa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika Tana, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na maji. Baada ya msiba kama huo kila mtu husikiliza habari za kale kwa sikio la kesi: ni nani aliyetangulia? Mchimbuaji aingiapo katika nchi hiyo ataulizwa swali hili kabla hajafungua mizigo yake, na wapo watakaotaka kigae kiwe hati ya shamba.

Kigae hakiwezi kuwa hati. Chungu hakisemi aliyekipika alizungumza lugha gani, na watu wa lugha mbili waweza kununua vyungu kwa mfinyanzi mmoja. Yale yawezayo kuonekana ni mengine, nayo yafaa kutazamwa kwa makini. Vyombo vya namna moja vilitumika juu ya mto na pwani, maana yake ni kwamba watu walionana. Katika majaa ya miji ya kale huonekana mifupa ya samaki na mifupa ya ng'ombe na mbuzi pamoja, maana yake mvuvi na mfugaji waliuziana. Miji kama Ungwana haikuweza kukaa karne nyingi kwa mawe yake tu. Ilihitaji nafaka, nyama na bidhaa za bara ambazo wengine walizileta. Msimamizi mwenye busara atachukua watu wake wa kujitolea katika makabila yote ya mahali, na kuwaweka wawili wawili katika shimo moja, ili lolote litakalotoka litoke mbele ya macho ya wote. Akichukua upande mmoja tu, hata akiandika kweli tupu, hataaminiwa.

Kwa mtu ambaye bado hajapata uchimbaji wa kujiunga nao, kazi ipo. Akiona kigae chenye machoro, au ushanga, au kipande cha kaure ya buluu, asiendelee kuchimba kukifuata. Aandike tarehe na mahali kwa alama zisizohama: hatua ngapi toka mbuyu fulani, upande upi wa barabara, kina gani cha jembe. Kama ana simu yenye kamera, apige picha mbili, moja ya kitu na moja ya mahali, akiweka kando ya kitu kijiti cha kiberiti ili ukubwa wake ujulikane. Kilichokwisha kutoka akitie katika mfuko mkavu pamoja na karatasi yenye maneno hayo. Kilichobaki ardhini akifunike kwa udongo ule ule. Kisha bila kukawia apeleke habari kwa chifu wake, ambaye ataifikisha kwa Makumbusho ya Taifa. Walio karibu na nchi ya Tana ni maofisa wa Makumbusho ya Lamu na wa Gede, na kusini zaidi wale wa Fort Jesus, Mombasa. Aombe hati ya kupokea, yenye jina lake, jina la kijiji na hesabu ya vitu alivyotoa, naye aitunze pamoja na hati zake nyingine za nyumbani.